Sinema Iliyorudishwa Nyuma

Vumbi likiungua juu ya glopu lina harufu yake, si ya moshi wala ya moto, harufu kavu inayokaa juu ya ulimi kama sarafu. Juzi mvua ilikuwa imefunga tangu asubuhi, nikawasha taa ya mezani ambayo sikuwa nimeigusa kwa miezi, na kabla sijaandika neno nilikuwa nimerudi Kakese, kijijini kwetu, nimekaa kwenye sakafu ya udongo ya darasa la nne, magoti kidevuni, nina miaka minane. Nikazima taa. Nilikaa kwa muda katika kiza cha mvua, kwa sababu nimechoka kumkimbia mtoto yule, na kwa sababu wale wa rika langu, waliokaa chini kwenye madarasa kama lile, wameanza kupungua.

Wanaonifahamu hunicheka kwamba mtu mzima, tena mwandishi wa vitabu, anakaa na watoto wa mdogo wake kutazama katuni. Sijitetei. Natazama zile za kufukuzana na kuangukiana, na natazama zaidi zile za Kijapani zinazoendelea sehemu kwa sehemu kama riwaya ndefu, zenye wasichana ambao macho yao ni makubwa kuliko midomo. Nimewahi kusoma kwamba Wajapani huchora kidogo ili kupunguza kazi: mtu amekaa dirishani, mwili wote umetulia, nywele tu ndizo zinazopepea. Wajuzi wanauona huo ni ubahili. Mimi naona ndivyo watu wa kwetu walivyokaa barazani wakitoka kulima, wamechoka hata hawafukuzi nzi, na kitu kimoja tu mwilini mwao kinacheza. Hakuna mwigizaji wa nyama na damu aliyewahi kunionyesha uchovu namna hiyo.

Jambo moja sijalizoea. Mhusika akifumba macho, yale macho makubwa yakageuka mistari miwili midogo, mimi huacha kupumua mpaka afumbue. Watoto hao wameshanigundua.

"Mama mkubwa, kalala tu huyo," huniambia.

Najua kalala tu. Hicho ndicho kinachonitisha.

Gari la sinema lilifika Kakese mahindi ya mwaka ule yalipokuwa yameshaingia ghalani. Lilikuja na jenereta, mashine, shuka jeupe na mwanamume mmoja mwembamba tuliyemwita Bwana Sinema, naye akaitika, hivyo sikuwahi kujua jina lake. Alitakiwa kurudi Mpanda mjini kabla jua halijazama kwa sababu ya ubovu wa njia, kwa hiyo alijitengenezea usiku wake mchana kweupe. Aliziba madirisha ya darasa kwa magunia. Magunia yalikuwa na matundu, na kila tundu liliingiza uzi wa jua wenye vumbi ndani yake, mpaka nilidhani hiyo nayo ni sehemu ya sinema. Wakubwa wengi walikuwa kwenye shamba la kijiji. Baba alikuwa porini, kambini kwa warina asali wenzake, wiki ya tatu ile. Waliojaa mle ndani tulikuwa watoto, na wazee wachache waliokuja kwa sababu palikuwa na kivuli.

"Kaeni chini nyie," Bwana Sinema alituambia. "Anayesimama ataona kichwa chake mwenyewe."

Sinema ya kwanza ilikuwa ya watu wa kweli wakipanda mahindi kwa mistari. Hatukuona ajabu yake, tulikuwa tumetoka kuvuna. Ya pili ndiyo iliyotokea na mtu wa kuchorwa.

Sina namna ya kuwaeleza watoto wa leo, waliozaliwa wakakuta katuni ukutani. Sisi tulijua michoro: ramani ya Tanzania nyuma ya daftari, ng'ombe wa ubaoni aliyechorwa na mwalimu, Msalaba. Michoro ilikaa pale ulipoiacha. Huyu alikuwa mstari mmoja mweusi uliozunguka ukawa kichwa, ukashuka ukawa mgongo, akavaa kofia ya pama, akapanda baiskeli, akaondoka. Mstari ulitetemeka kidogo muda wote, kama ngozi ya maji. Nilifikiri kuna mtu nyuma ya shuka anachora haraka haraka. Yustina, rafiki yangu, alikuwa jasiri kuliko mimi. Alitambaa akaenda kuchungulia.

"Hamna mtu," alirudi kuninong'oneza. "Kuna ukuta na mjusi."

Basi nikaamini kwamba yule mtu anajiendea mwenyewe.

Aliingia porini. Mbung'o alitoka kwenye kichaka akamuuma shingoni. Alirudi kwake, na juu ya kichwa chake yakawa yanatoka maduara, duara baada ya duara, tukajua kichwa kinamgonga. Akasinzia ameegemea jembe. Akasinzia tonge likiwa mkononi, mkewe akimtazama. Kisha akalala chini, na mstari wake ukaanza kufifia, miguu kwanza, halafu tumbo, halafu uso, mpaka ikabaki kofia peke yake juu ya mkeka. Maneno ya sinema hatukuyashika. Yalikuwa Kiswahili cha redioni, cha haraka, yakitoka kwenye spika iliyokwaruza, na jenereta nje ikiyameza. Najua sasa kwamba mwishoni sauti ile ilisema mgonjwa wa malale awahishwe hospitali. Lakini kofia ilipobaki peke yake darasa lilipiga kelele, na kelele zetu zilikuwa juu ya maneno hayo.

Bwana Sinema alikuwa mtu mwema. Aliona wadogo wameanza kulia, akaurudisha mkanda nyuma bila kuizima taa ya mashine. Kofia ikaota uso. Tumbo likarudi, miguu ikarudi, mtu akainuka. Tonge likatoka mkononi likashuka kwenye sahani. Maduara yakaingia kichwani. Akatoka nyumbani kinyumenyume, akapanda baiskeli kinyumenyume, akafika kichakani, mbung'o akaichomoa sindano yake shingoni mwake akarudi kwenye majani. Watu walicheka mpaka wakashikana.

"Haya, nimemfufua," alisema Bwana Sinema. "Mmeridhika?"

Mimi sikucheka. Niliridhika. Niliyachukua maneno yake kama nilivyoyachukua ya padri, kwamba aliyepewa mashine ameyasema, na ndivyo ilivyo.

Baba alirudi siku chache baadaye na madebe ya asali na mabonge ya nta kwenye baiskeli, kofia yake ya pama imekolea moshi wa kienge cha kufukuzia nyuki. Alikuwa akiniita "mama", kwa kuwa nina jina la mama yake, Tekla. Safari zote akirudi aliniletea kipande cha sega kwenye jani. Safari hii alileta, ila alinipa bila kuinama.

"Kichwa kinanigonga," alimwambia Mama.

Nilitazama juu ya kichwa chake. Sikuona maduara, lakini nilijua yapo.

Wiki haikuisha akaanza kulala mchana. Alilala ameketi, alilala ameegemea ghala, usiku akazunguka uani kama anatafuta kitu. Mama, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alianza kuwa nayo.

"Baba Tekla, mlienda kurina asali au kunywa wanzuki?"

"Nimechoka tu."

"Mchovu gani huyo asiyepona kwa kulala?"

Balozi wa nyumba kumi alikuja kuuliza kwa nini Baba haonekani kwenye shamba la kijiji. Mama alimwonyesha kwa kidole pale Baba alipokuwa amelala, jembe likiwa mapajani. "Muulize mwenyewe. Mimi nimemuuliza mpaka nimekauka mate."

Katika kijiji kizima mimi nilikuwa peke yangu ninayejua. Hilo ndilo ninalolibeba. Nilijua ni mbung'o, nilijua kinachofuata baada ya tonge, na sikumwambia mtu, kwa sababu nilijua pia dawa. Gari lingerudi, Bwana Sinema alisema mwezi mwingine. Ningempeleka Baba akae mbele ya mashine, mkanda ungerudishwa, na yeye angerudi pamoja nao. Kazi yangu ilikuwa kumtunza asifike kwenye kofia.

Na ili kumtunza nikaanza kumrudisha mwenyewe, kidogo kidogo.

"Baba, twende kinyumenyume," nilimwambia asubuhi moja mlangoni.

"Kwenda wapi, mama?"

Nilitaka kusema porini, kwenye kile kichaka, lakini porini ni mbali. "Mpaka ghalani."

Akanipa mkono. Tulitembea nyuma hatua kwa hatua, yeye akipepesuka, kisigino chake kikitafuta ardhi kama cha kipofu. Alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha mtu aliyebanwa na kazi, lakini kilikuwa chake. "Sasa unanifundisha kutembea?" alisema. Kila asubuhi tulifanya hivyo. Nadhani alikubali kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu kuliko kukubali. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena katika kazi yoyote.

Asubuhi ya sita au ya saba, Mama Yustina alipita na ndoo ya maji kichwani. Alisimama. Akaitua ndoo chini, jambo ambalo mwanamke halifanyi njiani bila sababu, akatutazama mpaka tulipofika ghalani. Mtu mzima anayetembea kinyumenyume uani kwake, kwetu, haulizwi kama anacheza. Kila mtu anajua ni watu wa aina gani wanaotembea hivyo, na ni watu wa aina gani wanaotembezwa hivyo na wengine. Kufikia mchana Mama alikuwa ameshaambiwa.

Aliniita jikoni. Alikuwa ameshika mwiko, lakini hakuuinua.

"Nani kamwambia baba yako atembee vile?"

"Sijui."

"Unamshika mkono, halafu hujui?"

"Ananishika yeye."

Hiyo ilikuwa mara yangu ya pili kuficha, na ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mama alikaa juu ya kinu. Alisukuma kuni motoni, kisha akaniambia kwa upole ulionishangaza nikacheze. Siku tatu baadaye ilikuwa imeshaamuliwa: Baba anapelekwa Kasokola kwa mganga wa kienyeji, kwenda kutolewa alichotupiwa.

Tuliondoka asubuhi. Baba mdogo alisukuma baiskeli, Baba akiwa juu ya karia amefungwa kwa khanga kiunoni asianguke. Mama alibeba kuku mweusi kwapani. Mimi sikuitwa, nilifuata tu, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kunirudisha. Tulipofika usawa wa shule nikaisikia jenereta.

Nilishika shati la Baba. "Baba, sinema. Tuingie kwanza, kidogo tu."

"Mtoto huyu ana wazimu," alisema baba mdogo. "Jua linapanda, shemeji, twende."

Baba alikuwa ameshateleza upande mmoja. Alifungua macho. "Mle ndani kuna ubaridi," alisema. "Niingie nipumzike. Mama ameomba."

Tukaingia. Safari hii wakubwa walikuwepo, wameketi kwenye madawati, na matundu ya magunia yaliwachora madoa ya jua mabegani. Nilimkalisha Baba mbele kabisa, nikakaa miguuni pake. Mtu wa mstari mweusi alipotokea na baiskeli yake, nilihisi Baba anasogea.

"Ana pama kama yangu," alisema taratibu.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasema mle ndani. Mbung'o alipotoka kichakani Baba alikuwa ameshalala. Mtu alisinzia kwenye jembe, akasinzia na tonge, na nyuma yangu nilisikia wanawake wameacha kunong'ona. Uso ukafifia. Ikabaki kofia. Nikasubiri. Bwana Sinema akanyoosha mkono kuzima.

Nilisimama, na kivuli changu kikasimama kwenye shuka, kikubwa kuliko mtu yeyote. "Mrudishe," nilisema.

"Kaa chini, binti."

"Mrudishe nyuma kama siku ile."

"Sirudishi tena, mkanda unakatika. Ile ilikuwa ya kuwachekesha nyie tu."

Ya kuwachekesha. Nimeandika vitabu, nimepoteza wazazi wa rafiki zangu na rafiki wenyewe, na bado sijui maneno mengine yaliyowahi kunifanya mzee kwa mara moja kama hayo.

"Basi baba yangu atakufa," nilisema.

Sikupaza sauti, lakini jenereta ilikuwa imeanza kupungua, na kila mtu alisikia. Mtu mmoja alivuta gunia la dirishani. Jua lilimwangukia Baba: kichwa kimelala begani, mdomo wazi, pama magotini. Kando yake alisimama Mama, na kuku. Bwana Sinema aliacha mashine alivyoiacha, na kwa kuwa mkanda ulikuwa umesimama mbele ya taa ukiungua, kofia iliyobaki kwenye shuka ilianza kupata doa la kahawia, doa likatanuka, likaila. Hakugeuka kutazama. Alikuwa anapapasa shingo ya Baba.

"Analala hivi tangu lini?"

"Tangu arudi porini," alisema Mama.

"Na sasa mlikuwa mnampeleka wapi?"

Mama alimfunika kuku kwa khanga. Aliyeonekana kujibu ni kuku.

"Mpakieni," alisema Bwana Sinema. Walisogeza mizigo garini wakamlaza Baba. Mama alipanda. Yule kuku aliachwa mikononi mwangu. Shuka lilibaki ukutani mpaka mwalimu alipolikunja.

Walikaa hospitali Mpanda mjini mpaka mvua za kwanza zikaanza. Nililala kwa kina Yustina. Baba mdogo aliyeleta habari alisema wanamchoma sindano kwenye uti wa mgongo, na kwamba watu wanne wanamshika. Baba alirudi juu ya lori la mpunga, amekonda, anatembea. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka, na haukuacha tena. Hakupanda mti tangu siku hiyo. Mizinga yake aliichukua baba mdogo. Angeweza kucheka, halafu katikati ya kicheko akalia, na asijue ni kwa nini. Nilijibanza nyuma ya mlango nikamsikia Mama akimweleza Mama Yustina alichosema daktari: angewahishwa wiki mbili au tatu kabla, angerudi mzima kabisa. Nilikuwa nimeshajua kuhesabu. Nilihesabu asubuhi zote za kwenda ghalani.

Katika miaka iliyofuata nilitazama kila kitu cha kuchorwa kilichonipitia. Nilivitazama shuleni Tabora, kwenye kumbi za mjini, baadaye kwenye runinga za watu. Sikuvitazama kwa kupenda, mwanzoni. Nilikuwa nakagua. Nilitaka kujua kama yupo hata mmoja aliyerudishwa bila hila. Mapenzi yalikuja taratibu, kama yanavyomjia mtu aliyemuuguza mgonjwa kwa muda mrefu mpaka hakumbuki ilikuwaje kabla yake. Nilianza kuona mikono nyuma ya mistari. Kila mtetemeko ulikuwa wa mtu aliyekaa mahali, mgongo unamuuma, akimchora mwenzake akiinua mguu mara ishirini ili apige hatua moja. Uchovu wao niliuelewa.

Kwa Mama nilikiri nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nimekwenda Kakese kuwaona, tumekaa uani tunachambua maharage, Baba yuko ndani. Sikupanga kusema. Nilimweleza yote: kwamba nilijua tangu kichwa kilipomgonga, kwamba ni mimi niliyemtembeza nyuma, kwamba nilidanganya jikoni, kwamba zile wiki ni mimi niliyezila.

Mama alipuliza maganda kwenye ungo. Akatoa jiwe moja, akalitupa.

"Unadhani sikujua?" alisema.

Nikaacha kuchambua.

"Kaka yangu Benedikto alilala hivyohivyo, mimi bado sijaolewa. Walimpeleka hospitali kwa machela. Wakamchoma mgongoni, akafa siku ya tatu. Baba yako aliposinzia na tonge mkononi, nilijua. Sikuhitaji sinema. Nilianza kumtafutia ugonjwa mwingine. Nikasema pombe, nikasema uvivu. Mama Yustina aliponiambia ni uchawi nilimshukuru, mwanangu. Nilimshukuru kweli. Uchawi unatolewa."

Akatoa jiwe la pili, akalitupa.

"Wewe ulikuwa na miaka minane. Mimi nilikuwa mkewe. Hizo wiki ni zangu, usinichukulie."

Ndani, Baba aliita maji. Aliita kama alivyozoea kuniita, "Mama", na mimi nikaweka ungo chini nikaanza kunyanyuka. Mama aliniwekea mkono begani, mkono mzito uliojaa vumbi la maharage, akanirudisha kwenye kigoda.

"Kaa," alisema.

Akaingia yeye. Nilisikia akichota mtungini, nikasikia kikombe kikigonga meno ya Baba, kikagonga tena, kisha kikatulia.